Reli Tumeilipia, Mizigo Iko Wapi?

Ndugu msomaji, tangu treni ya umeme ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, mazungumzo ya reli nchini yamekuwa mazungumzo ya abiria. Watu husifu kasi yake, husifu usafi wa mabehewa, husifu namna mtu anavyoweza kuswali Alfajiri Dar es Salaam na kuwahi shughuli zake Dodoma kabla ya Adhuhuri. Sifa hizo ni za haki, wala hatuna sababu ya kuzikanusha. Lakini je, ni nauli ya abiria ndiyo itakayolipa deni la reli hii?

La hasha. Ikumbukwe kuwa mwezi Februari 2020 serikali ilitia saini mkopo wa dola za Marekani bilioni 1.46 uliosimamiwa na benki ya Standard Chartered, kwa ajili ya kipande cha Dar es Salaam hadi Makutupora. Huo ni mkopo mmoja tu, na kipande hicho ni sehemu tu ya safari ya kwenda Mwanza na Kigoma. Mkopo wa namna hiyo ni wa kibiashara. Riba yake hulipwa kwa tarehe iliyoandikwa, treni ikitembea au ikisimama, na hulipwa kwa dola, ilhali abiria wa Morogoro analipa kwa shilingi. Mwenye kulipa dola kwa reli ni mwenye shehena inayotoka au kwenda Burundi, Rwanda na Kongo. Kwa hiyo reli hii ni ya kanda kwa lazima ya hesabu, si kwa maneno ya mikutano ya wakuu wa nchi.

Tutazame basi vyombo vilivyonunuliwa. Kutoka kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini viliagizwa vichwa 17 vya umeme pamoja na seti 10 za treni za kisasa za abiria, kila seti ikiwa na mabehewa manane. Mabehewa ya mizigo 1,430 yaliagizwa China, kwa mkataba wa mwaka 2022. Abiria walianza kusafiri katikati ya mwaka 2024. Mizigo ikangoja mwaka mzima zaidi, hadi katikati ya mwaka 2025. Muda wote huo malori yaliendelea kupanga foleni barabarani, yakiichakaza lami ambayo nayo tumeijenga kwa fedha za umma.

Wapo watakaosema kuwa hii ni haraka ya kulaumu, kwani mradi mkubwa huenda hatua kwa hatua. Tungekubali kama tusingekuwa na historia. Reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, haikufa kwa kukosa njia. Ilikufa kwa kukosa vichwa na mabehewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa ikibeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Miaka kumi baadaye haikufikia hata robo ya kiasi hicho. Katikati yake ulikuwapo ubia wa mwaka 2007, ambapo kampuni ya RITES ya India ilipewa asilimia 51 na serikali ikabaki na 49, kwa mkataba wa miaka 25. Vichwa na mabehewa vikaletwa kutoka India kwa kukodishwa, wafanyakazi wakagoma kwa ajili ya mishahara, mafuriko ya Kilosa yakaikata njia mwishoni mwa mwaka 2009, na ilipofika mwaka 2011 serikali ikawa imeichukua tena reli yake. Miaka 25 iligeuka kuwa minne.

Kisha ukaja mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, ulioidhinishwa mwaka 2014, kuimarisha njia hiyo hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, yapata kilomita 970. Kazi ya madaraja na mataruma ilifanyika, na inaonekana. Vyombo vilivyonunuliwa kwa mradi huo vilikuwa vichwa vitatu na mabehewa 44. Vitatu! Na msomaji atakumbuka mwaka 2017, Rais John Magufuli alipoutangazia umma kuwa bandarini Dar es Salaam vimekutwa vichwa vya treni zaidi ya kumi visivyojulikana mwenyewe. Baadaye vilinunuliwa na shirika letu la reli. Nchi yenye njaa ya vichwa ilikuwa nayo bandarini bila kujua ni vya nani. Katika hali kama hiyo, tatizo si fedha peke yake.

Hapa inafaa kuwakumbusha Waislamu jambo la kihistoria. Mwaka 1907, treni ilipofika Morogoro kwa mara ya kwanza, reli nyingine ilikuwa ikijengwa kutoka Damascus, nayo ikafika Madina mwaka 1908, umbali wa kilomita zipatazo 1,300. Sehemu kubwa ya gharama zake ilitokana na michango ya Waislamu, hata wa India, pamoja na kodi za dola ya Uthmaniya, bila kutegemea mabenki ya Ulaya. Hata hivyo vichwa vilibidi vinunuliwe Ujerumani. Tuta waliweza kulijenga kwa askari wao, lakini injini hawakuwa na karakana ya kuziunda.

Sisi nasi tumechanga, ingawa wengi hawajui. Tangu mwaka 2015 bidhaa zinazoagizwa kutoka nje ya Afrika Mashariki zinatozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5. Mama anayenunua ndoo ya plastiki au kitenge kilichotoka ng'ambo sokoni Kariakoo amekwisha kuchangia, hata kama hatapanda treni maisha yake yote. Mchangiaji ana haki ya kuonyeshwa daftari. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu iliyotolewa mwaka 2023 ilihoji kutolewa kwa zabuni za baadhi ya vipande, kikiwamo cha Tabora hadi Kigoma, kwa mzabuni mmoja bila ushindani. Hoja hiyo inastahili jibu la hesabu, si la hotuba.

Sasa njia mpya inaelekezwa kutoka Uvinza hadi Musongati nchini Burundi, kwenye akiba ya madini ya nikeli. Ni mpango mzuri. Lakini kabla ya kupiga picha kwenye jiwe jingine la msingi, wizara iwaeleze wananchi mambo ya kawaida kabisa: tani ngapi zimebebwa mwezi huu, vichwa vingapi ni vizima na vingapi viko karakana vikingoja vipuri, ushuru wa reli umekusanya kiasi gani na umelipa nini. Na reli ya zamani isiachwe ioze kwa sababu mpya imepatikana, kwani hadi mpya itakapofika Kigoma, mkulima wa Urambo na mvuvi wa Ujiji hawana nyingine.