Si Baraka, ni Deni

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, tukimwona mstaafu akiokota korosho za watu kwa kibarua, twasema, "Mungu amemjalia nguvu." Wapendwa, tuache kujidanganya. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mzee anayerudi juani kwa sababu kiinua mgongo chake kiliishia kwenye upasuaji wa mwanawe asiye na bima, hasukumwi na baraka. Anasukumwa na deni.

Hesabu 8 inatufundisha kwamba Walawi waliacha kazi ya zamu walipofika miaka 50, wakabaki kuwasaidia ndugu zao. Pumziko la wazee aliliweka Mungu. Sisi tunalitazama likinyang'anywa, kisha tunasema "amina".

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nayo ni njema, lakini haikutufutia wajibu wetu. Fedha za minada ya RUNALI zikiingia, twachangia bati na vipaza sauti. Mgonjwa twampa pole na sala. Msimu huu tuanze na deni la mzee. Bati litasubiri. Yeye hawezi.