Hata mwenye macho huhitaji kuambiwa tazama

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Sina nia ya kubishana na wahenga, lakini kuna usiku mmoja ulionifunza kuwa methali hiyo ina mpaka wake. Mwenye macho aliyelala, au aliyejifungia ndani mbele ya runinga, au asiyejua kwamba nje kuna cha kutazama, huyo hana budi kuambiwa. Na asipoambiwa, lawama si yake. Ni ya yule aliyejua akanyamaza.

Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 mimi nilikuwa miongoni mwa waliolala. Usiku huo mwezi ulipatwa kikamilifu kwa dakika 103, muda mrefu kuliko wa kupatwa kwingine kokote kwa mwezi katika karne hii ya 21. Hapa kwetu mwezi ulifunikwa wote kuanzia saa nne unusu za usiku hadi baada ya saa sita. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzima taa. Habari niliipata asubuhi yake ndani ya matatu, abiria wawili wakionyeshana picha katika simu, nikajiona kama mtu aliyekosa harusi iliyofanyika uani kwake. Niliazimia kwamba mwezi ukipatwa tena hautanikuta kitandani.

Ndiyo sababu Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 nilijiunga na wenzangu kumi na mmoja, wapenzi wa kupiga picha, tukafunga safari hadi Olorgesailie, katika barabara ya Magadi, kilomita 70 hivi kutoka Nairobi. Tulipachagua kwa kuwa mawingu ya Nairobi mwezi wa Septemba hayaaminiki, na kule bondeni mbingu huwa na huruma zaidi. Hapo ndipo Louis na Mary Leakey walipochimbua, katika miaka ya 1940, mashoka ya mawe yaliyochongwa na watangulizi wa binadamu mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Bila shaka hao nao waliuona mwezi ukigeuka mwekundu, wala hapakuwa na wa kuwaeleza.

Yeyote aliyewahi kuuelekezea mwezi simu yake anaijua aibu iliyopo: macho yanaona sahani, simu inatoa punje ya mchele. Kwa hiyo tulibeba kamera zenye lenzi ndefu, na tripodi, yaani kile kiweko cha miguu mitatu kinachoizuia kamera isitikisike. Kazi yenyewe ina masharti yake. Mwezi mpevu unang'aa mno, na kamera huhitaji kufumbua jicho lake kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Lakini ukishazama wote katika kivuli cha dunia, mwanga wake hupungua maelfu ya mara, na jicho hilo hulazimika kubaki wazi kwa sekunde nzima au mbili. Katika muda huo hata kidole kinachobonyeza kinaweza kuiharibu picha. Nao mwezi hausubiri: kila dakika mbili husogea angani kwa kadiri ya upana wake wenyewe.

Saa moja na dakika 27 za usiku kivuli kilianza kuumega mwezi upande mmoja. Saa mbili unusu ilipokaribia, mwanga juu ya majani makavu ulififia kana kwamba mtu anapunguza utambi wa taa. Nyota ambazo mwanga wa mwezi ulikuwa umezificha zikajitokeza, na chini ya mwezi, upande wa mashariki, Zohali ikaonekana wazi. Mwezi haukutoweka. Uligeuka rangi ya shaba iliyotiwa moto.

Ni wakati huo hasa nilipofanya jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Watoto wanne walikuwa wamekuja kutoka boma la jirani, wamejifunika shuka, wakiongozwa na kaka yao mkubwa. Mmoja wao, msichana wa Gredi ya Tano, alisogea karibu kuona tunachokitazama, akashika mguu wa tripodi yangu. Picha niliyokuwa nikiipiga ikatoka na miezi miwili iliyopandana. Nikamfokea: "Hebu toka hapo, mtoto!" Alirudi nyuma kimya, akasimama gizani kando ya wadogo zake.

Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Hakuniambia neno. Aliiacha kamera yake, akawaketisha wale watoto juu ya mkeka, akatoa kikapuni chungwa na ndimu, akamkabidhi yule kaka yao tochi. Tochi ikawa jua, chungwa likawa dunia, ndimu ikawa mwezi. Ndimu ilipopita nyuma ya chungwa, ikaingia gizani, na watoto wakacheka.

"Mwalimu," akauliza yule msichana, "sisi tuko upande gani wa chungwa?"

"Upande huu wa giza, unaotazama ndimu."

"Na walio upande wa tochi wanaona nini?"

"Wanaona jua. Kwao ni mchana. Huko Marekani usiku huu wa kwetu hawauoni mwezi kabisa."

Kisha akawaeleza kwa nini mwezi ulikuwa mwekundu badala ya mweusi: kwamba hewa inayoizunguka dunia huupinda mwanga wa jua na kuuingiza katika kivuli, nayo huutawanya ule wa buluu, ukabaki ule mwekundu. Ni mwanga wa machweo yote na mapambazuko yote yanayotokea duniani kwa saa hiyo, uliokutanishwa juu ya uso wa mwezi. Nakiri kwamba mimi, mtu mzima mwenye kamera ya bei ghali, sikuwahi kuelezwa jambo hilo kwa ufasaha kiasi hicho.

Nilimwita yule msichana nikamwomba radhi, nikamwonyesha picha zangu katika kioo cha kamera. Alizitazama kwa adabu. Kisha akaniuliza: "Mzee, nyinyi mlijuaje kwamba utapatwa leo?" Nikamjibu kuwa wataalamu wa elimu ya falaki hupiga hesabu, wakajua siku, saa na dakika, miaka mingi kabla. Akafikiri kidogo, akauliza tena: "Mbona sisi hatukuambiwa?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo ninalitafuta.

Swali lile si dogo. Historia ina kisa kinachopaswa kututahadharisha. Mnamo Februari 1504, Christopher Columbus alikuwa amekwama Jamaica pamoja na mabaharia wake, na wenyeji walikuwa wamechoka kuwalisha. Columbus alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota kilichoonyesha kwamba usiku wa tarehe 29 mwezi ungepatwa. Aliwaita viongozi wa wenyeji akawaambia kuwa Mungu wake amewakasirikia na atauondoa mwangaza wa mwezi. Mwezi ulipopatwa, watu wale waliingiwa na hofu, wakaleta chakula wakilia. Hakuwashinda kwa bunduki usiku ule. Aliwashinda kwa ratiba. Kila jambo la hakika ambalo wachache wanalijua na wengi hawalijui ni fimbo inayongoja mkono wa kuishika, na hata leo hawakosekani matapeli wa kuuza hofu kwa jina la ishara za mbinguni.

Isidhaniwe kwamba ninaibeza imani. Lugha yetu yenyewe husema mwezi "umepatwa", kama vile mtu anavyopatwa na maradhi au msiba, na moyo wa binadamu hauwezi kukosa kutikisika unapoona hali hiyo. Lakini imani na elimu hazijagombana hapa. Waislamu wanakumbuka kwamba jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, watu walisema limepatwa kwa sababu ya kifo hicho. Mtume aliwakanya, akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, bali ni ishara za Mwenyezi Mungu, na akawahimiza waswali. Anayeswali usiku huo akijua sababu ya kivuli hajapungukiwa na chochote.

Kuna watakaosema kuwa nchi hii ina matatizo makubwa kuliko mwezi. Ni kweli. Lakini ni masomo mangapi ya sayansi yanayofundishwa bila gharama hata ya senti moja? Shule nyingi hazina maabara, na zilizo nayo hazina vifaa. Mwezi unapopatwa, maabara huning'inia juu ya kila paa, la mabati na la vigae. Tena, tofauti na kupatwa kwa jua, ambako humdhuru macho anayelitazama bila kinga, mwezi unaopatwa hutazamwa kwa macho matupu bila madhara yoyote. Hauhitaji darubini wala kamera, na hauhitaji hata kutoka mjini kama tulivyotoka sisi.

Wengine watasema kuwa usiku si wakati wa mtoto kuwa nje. Hilo nalo lina uzito, na mzazi anayelisema simlaumu. Ndiyo maana jambo hili halifai kuachiwa mtu mmoja mmoja. Shule iwaandikie wazazi wiki moja mapema, iufungue uwanja wake kwa saa mbili, walimu na wazazi wawepo, lango lilindwe. Redio na magazeti, likiwamo hili, yatangaze saa kamili kabla ya siku yenyewe, si kuchapisha picha kesho yake. Nasi wapiga picha tujiwekee sharti jepesi: kila kundi linalotoka usiku litenge kamera moja kwa ajili ya wananchi watakaosogea, na mtu mmoja wa kuwaeleza. Picha ya mwezi mwekundu niliyoipata usiku ule ni nzuri, lakini maelfu wengine walipata inayofanana nayo.

Muda wa kujiandaa upo. Tarehe 31 Desemba 2028, mkesha wa Mwaka Mpya, mwezi utachomoza hapa Kenya ukiwa tayari umeanza kupatwa, na utafunikwa wote kuanzia saa moja na robo hivi za usiku hadi karibu saa mbili unusu. Ni saa ambayo mtoto bado yu macho, na wazazi wengi watakuwa nyumbani au njiani kwenda kukesha. Mbingu zikiwa na mawingu tutakuwa tumepoteza jioni moja. Zikiwa wazi, kizazi kizima kitakuwa kimeiona dunia yake ikitupa kivuli, na kukitambua kivuli hicho kuwa ni cha mviringo.

Mimi nimekwisha kuweka ahadi ya kurudi Olorgesailie jioni hiyo, pamoja na yule mwalimu, tripodi mbili, chungwa na ndimu. Tumepeleka habari bomani mapema, na tarehe tumewaachia imeandikwa kwenye karatasi. Wewe msomaji, ambaye sasa umekwisha kuijua, utamwambia nani?