Eti Linux haina magemu?

Jamani, huu wimbo wa "Linux haina magemu" tutauimba mpaka lini? Mwaka 2018 Valve walitoa Proton, programu inayofanya magemu ya Windows yachezeke kwenye Linux. Mwaka 2022 wakaleta Steam Deck, kompyuta ya kushika mkononi inayotumia Linux, na maelfu ya magemu yanachezeka humo. Ndiyo, Fortnite bado inagoma, lakini huo ni uamuzi wa wenye gemu lao.

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na wengi wetu tunaambiwa kompyuta zetu hazifai tena. Mimi yangu nimeiwekea Linux, na magemu nacheza. Wewe mdau unasubiri nini? Windows nyingine ya kuchakachua?