Tesla ya Zamani au Mchina Mpya? Bugene Ina Jibu Lake

Mjadala wa Tesla na BYD umeingia hosteli kama ule wa Simba na Yanga, na wanaobisha kwa sauti kubwa ni sisi tusio na hela hata ya baiskeli. Boom ikitoka inaenda kulipa madeni ya chipsi. Ningeuacha upite, ila kwetu Bugene, Karagwe, baba yangu mdogo anauliza swali hilohilo akiwa na hela kweli. Ni mkulima wa kahawa, bei ilipanda msimu wa 2024, na sasa anataka gari la umeme. Dalali amempa machaguo mawili: Tesla Model S ya 2017 kutoka Uingereza, au BYD Dolphin ya 2023, ndogo na ya bei ya chini. Kaniuliza mimi kwa sababu niko chuo. Ndivyo familia zetu zilivyo, ukisoma ualimu unaulizwa mpaka habari za betri.

Nimemjibu achukue Dolphin, na sisemi hivyo kwa kuidharau Tesla. Model S ilipotoka mwaka 2012, watu walikuwa bado wanafikiri gari la umeme ni kitoroli cha kuzungukia viwanja vya gofu. Heshima yake ipo. Tatizo ni umri.

Waranti ya betri ya Model S ni miaka minane, kwa hiyo ya 2017 ilishamaliza muda wake mwaka 2025. Na forodha yetu nayo, gari likipita miaka minane tangu litengenezwe, inaongeza ushuru wa uchakavu. Yaani kiwanda kinapoacha kuidhamini betri yake, TRA nao wanaanza kukutoza kwa uzee wake! Halafu mwaka 2023 Tesla iliacha kutengeneza Model S za usukani wa kulia, za kwetu sisi. Na kuna ile skrini kubwa ambayo kila mtu anaipigia picha. Mwaka 2021 Tesla iliyarudisha magari kama 135,000 huko Marekani kwa sababu ya kifaa cha kumbukumbu kinachochakaa ndani ya mfumo wa skrini hiyo, na Model S za 2017 zimo. Kwenye gari hilo skrini ndiyo swichi ya karibu kila kitu. Ikizima ukiwa Kaisho, unampigia nani? Karakana rasmi ya Tesla hapa nchini hakuna.

Dolphin haina sifa hizo za kutamba, lakini betri yake ni ya chuma na fosfati. Aina hiyo inabeba umeme kidogo ukilinganisha na uzito wake, ila inavumilia kuchajiwa mara nyingi na haishiki moto kirahisi. Kwa mtu ambaye safari yake ndefu ni Bukoba, uvumilivu una faida kuliko mbio. Lami ya Kyaka hadi Bugene ni kilomita 59 na ina kona za kutosha. Huko mbio utazifanyia wapi?

Sasa hesabu, maana hapo ndipo petroli inapopoteza. Petroli inasafirishwa kwa lori kutoka pwani, ndiyo maana kila EWURA wakitoa bei kikomo, Karagwe na Kyerwa huwa kwenye zile za juu. Umeme unakuja kwa waya. Betri kubwa ya Dolphin ni kama uniti 60. Kwa bei ya nyumbani ya karibu shilingi 350 kwa uniti, kujaza ni 21,000, na unatembea kilomita 350 hivi. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita, kwa bei ya 3,000, lingekula zaidi ya 80,000. Ila angalizo kwa walio kwenye tarifu ya D1, ile ya karibu shilingi 120: kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi. Chaji moja tu inamaliza karibu zote, ya pili inakuhamishia kwenye bei ya juu pamoja na taa za nyumba nzima. Na kwa soketi ya kawaida, kujaza kunachukua usiku na mchana.

Wapo watakaosema umeme wetu unakatika. Kweli, Kagera imeishi miaka mingi kwa umeme unaonunuliwa Uganda, na tunazijua giza zake. Lakini betri ya kilomita 350 haihitaji umeme wa kila siku.

Hoja nzito kwangu ni ya fundi. Mafundi wa Kayanga wanaifungua Toyota wakiwa wamefumba macho. Breki, matairi na shokapu za Dolphin wataziweza. Betri yenye volti mamia hapana, wasiiguse, inaua. Hapo magari yote mawili yana udhaifu uleule kwa leo. Tofauti ni kesho. Kenya BYD imeanza kuuzwa rasmi tangu 2024. Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, bodaboda mpya za abiria Kigali zinatakiwa kuwa za umeme tangu Januari 2025, kwa hiyo mafundi wa umeme wanazaliwa jirani kabisa. (Gari lenyewe asinunue huko, usukani wao uko kushoto.) Na sisi tuna VETA Burugo, Bukoba, iliyojengwa kwa msaada wa China. Kama Wachina wanatuuzia magari, kozi ya kuyatengeneza ingefundishwa pale, kwa Kiswahili, kabla kijana wa Kayanga hajajifunza kwa kupigwa shoti.

Baba mdogo anasema Tesla watu wataiona. Wataiona, na ikilala uani miezi sita ikisubiri spea wataiona zaidi. Hela yenyewe ni ya kahawa aliyoipalilia miaka. Asilipe chochote kabla dalali hajamletea kipimo cha afya ya betri. Kama Dolphin ya 2023 inaonyesha chini ya asilimia 85, aiache, atafute nyingine.