Tusimlazimishe Mtoto Mdogo Barakoa kwa Daktari



Tangu korona ithibitishwe Burundi Machi 2020, wapo wazazi ambao wakimpeleka mtoto mdogo kwa daktari humshika mikono na kumvalisha barakoa kwa nguvu, naye analia. Sisi twaona si sawa. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kuwa mtoto wa miaka 5 kushuka chini asilazimishwe. Na wa chini ya miaka 2 asivalishwe kabisa, kwani akikosa pumzi hawezi kuivua.

Mtasema, je, akiambukiza wengine? Barakoa tuvae sisi, tumpakate, na akikohoa tukae naye kando. Mtume (S.A.W.) alipopiga chafya alifunika uso kwa mkono au nguo yake, adabu hiyo tumfundishe nyumbani, kwa mchezo.

Mtume alifupisha swala aliposikia mtoto akilia. Sisi twashindwaje kumhurumia? Anayeshikwa kwa nguvu leo, kesho atamkimbia daktari hata siku ya chanjo.

Wabillahi tawfiq.