UCHAMBUZI: Megawati pekee hazitaiokoa nchi na giza

MZOZO uliofuata giza la Agosti 25, 2023 ulikuwa wa kutafuta wa kulaumiwa. Usiku huo wa Ijumaa umeme ulipotea karibu kote nchini, na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukatumbukia gizani. Waziri wa Uchukuzi wakati huo, Bw Kipchumba Murkomen, alilazimika kuomba radhi.

Kampuni ya Kenya Power ilielekeza kidole kwa mtambo wa upepo wa Lake Turkana, uliojizima ghafla na kuiondolea gridi ya taifa takriban megawati 270. Wenye mtambo walijibu kuwa ulijizima ili kujikinga, kwa kuwa volteji katika gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi.

Malumbano hayo yalifunika swali la msingi: je, gridi ilikuwa imebakisha nafasi kiasi gani kabla ya kuporomoka?

Volteji ni msukumo wa umeme, mfano wa presha ya maji katika bomba. Ikishuka mno, mota huungua. Ikizidi, mitambo hujizima. Umeme wa Turkana husafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, kwa laini ya volti 400,000. Laini ndefu namna hiyo inapobeba umeme kidogo, volteji hupanda yenyewe, inapolemewa, hushuka. Lazima basi pawepo vifaa vya kuituliza.

Wahandisi wanaweza kupima hatari hii mapema. Kwa kompyuta, huongeza matumizi hatua kwa hatua hadi volteji iporomoke. Masafa kati ya matumizi ya leo na ukingo huo ndiyo akiba ya usalama. Kisha hurudia hesabu wakiwa wameondoa laini moja au mtambo mmoja, maana ajali haibishi hodi. Hupima pia usiku wa manane, matumizi yanapokuwa haba, waone volteji itapanda hadi wapi.

Hata mataifa tajiri hayajanusurika. Mnamo Aprili 28, 2025, Uhispania na Ureno zilikosa umeme mchana peupe, si kwa uhaba wa mitambo. Wataalamu waliochunguza walibaini kuwa volteji ilipanda na mitambo ikajizima mmoja baada ya mwingine.

Kenya ilirejea gizani Novemba na Desemba 2023. Funzo ni kwamba kujenga mitambo zaidi bila kuimarisha laini na vifaa vya kudhibiti volteji ni sawa na kuongeza maji katika bomba bovu. Mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, inapaswa kuhakikisha akiba hiyo inapimwa kila mara na matokeo kuwekwa wazi.

Bila hayo, giza lijalo litazua lawama zile zile, naye kinyozi na mwenye zahanati isiyo na jenereta ndio watakaobeba hasara.