Mgeni wa Siku ya Tatu



Ndugu wapendwa, juma lililopita tulipumzika siku tatu katika nyumba ya wageni iliyo ndani ya shamba, upande wa Buhare, nje kidogo ya mji wa Musoma. Alfajiri ng'ombe walipita mbele ya dirisha letu, na mezani tuliletewa viazi vitamu na jagi la maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ileile. Tulikunywa tukashiba.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: methali hii Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962. Basi siku ya tatu tuliomba jembe. Msimamizi akacheka: "Baba, pumzikeni, mmeshalipia." Hatukukubali. Tukaingia shambani kupalilia mihogo pamoja na mkamuaji na mwanawe (mistari miwili tu, mgongo ukagoma). Saa nne ikaletwa chai, nayo ilikuwa ya rangi. Tulipouliza habari za maziwa, mtoto akainama. Baba yake akajibu kwa upole kwamba maziwa ni ya wageni, na yanayobaki huuzwa mjini.

Hatupingi biashara hii. Inampa mkulima kipato hata mvua ikichelewa, na mtu wa mjini huona chakula chake kinakotoka. Lakini Ibrahimu pale Mamre (Mwa 18) alikimbia mwenyewe zizini kuwachagulia wageni ndama, akawahudumia kwa kilicho chake. Ukarimu unaolipiwa waweza, bila mtu kukusudia, kutolewa kikombeni mwa mtoto wa mwingine. Torati inakataza kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka (Kum 25:4), na Mtume Paulo aliielekeza amri hiyo kwa watenda kazi (1Tim 5:18). Lita moja kwa siku kwa nyumba ya mkamuaji, mbali na ujira wake, isiandikwe kuwa hasara. Nasi wageni tuulize kabla ya kumimina. Sisi wenyewe tulichelewa siku mbili.

Jioni tulizungumza na mwenye shamba. Alitusikiliza kwa heshima, akasema atalitazama. Tumeahidi kurudi mwezi ujao, na tutaanzia kwa mkamuaji, saa ya chai.